Nilimshonea Bibi Harusi Kitu Nilichokatazwa

Kosa ni langu. Sitaki mtu aniambie shetani alinipitia. Shetani hajui kushika sindano! Mimi ndiye niliyeketi kwenye cherehani yangu, akili zangu zote zikiwa timamu, nikafanya nilichofanya huku nikijua kabisa ninachokifanya.

Majina nimeyabadilisha. Baadhi ya wahusika bado wapo hai, na wakisoma hapa watajitambua. Nimeshawaumiza mara moja, inatosha.

Nilikuwa fundi cherehani pale Korogwe, miaka ile ya Ujamaa, watu wakihamishiwa vijiji vipya na kitambaa kizuri kikitafutwa kama dawa. Kwetu hasa ni Handeni, upande wa Kang'ata. Kazi alinifundisha marehemu baba. Lakini namna yangu ya kushona, ile iliyonipa jina, hakunifundisha mtu. Ilianza kwa mama yangu.

Mama alipohamishwa kutoka kitongoji chetu cha zamani alikuwa halali wala hali chakula. Hakuililia nyumba. Alililia udongo wa pale, na kunde alizoziacha zimechanua. Basi nikamshonea gauni. Pindo nikaliweka la kitambaa chekundu kilichofifia, rangi ya udongo ule ule. Kifuani nikatarizi maua ya kunde. Alipolivaa aliinama, akashika pindo, akaniambia, "Mwanangu, kumbe nimekuja na kwetu."

Majirani wakaliona. Wakaanza kuja.

Tangu hapo nikawa simpimi mtu kabla hajanisimulia. Namkalisha kwenye kigoda, namwambia, "Niambie unakumbuka nini." Bibi mmoja wa Mazingara alinisimulia ng'ombe wake waliokufa na ukame, nikamtengenezea vifungo vya pembe. Mke wa mwalimu alinisimulia mto aliokuwa akivuka akienda shule, nikampitishia mto huo mgongoni, uzi wa buluu, toka bega mpaka kiunoni. Kwenye maulidi na harusi watu walikuwa wakiyasoma magauni yangu. "Hebu mwone fulani, ule si mto wa kwao?"

Wanawake waliniambia mambo ambayo waume zao hawakuyajua. Na sikuwahi kutoa siri ya mtu. Nawaapia! Mpaka alipokuja Mama Agnesi.

Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, anaishi kambini kwenye shamba moja la mkonge. Wazazi wake waliletwa huko zamani kama manamba, vibarua wa mkataba, wakafia huko huko. Binti yake Agnesi alikuwa amechumbiwa na kijana wa Mkumbara, watu wa biashara ndogo ndogo pale barabarani.

"Fundi," akaniambia, "nataka baba yake awepo kwenye gauni. Ameshakufa. Lakini siku hiyo nataka mwanangu atembee naye."

Akafungua kifurushi. Ndani mlikuwa na shati la kaki, kuukuu, limekatika mkono mmoja.

"Hili ndilo lililobaki. Kata kipande, ukiweke ndani kwenye bitana, upande wa moyo. Kisionekane. Kitakachobaki utanirudishia."

Nikamuuliza, "Marehemu alikufa na nini, mama?"

"Homa," akajibu upesi.

Tukakubaliana gauni liwe na marinda mapana kuanzia kiunoni, yamesimama kama majani ya mkonge, kwa sababu walikutana kwenye mashamba ya mkonge. Nikaona ni jambo zuri. Nikaanza kazi kwa roho safi kabisa.

Aliporudi mara ya pili akawa amenizoea. Akazungumza, akacheka, na katikati ya maneno akasema, "Siku ile ya ajali nilikuwa nafua..."

Nikainua uso. "Ajali? Si uliniambia homa?"

Akaanza kuokota vipande vya nyuzi kwenye mapaja yake. "Ndiyo. Homa ilitokana na ajali."

Hapo ndipo kitu kilipoingia moyoni mwangu, jamani! Mtu anayesema kweli habadilishi kifo cha mumewe. Nikajiambia, huyu mama ana jambo. Hata jina la mume hajalitaja!

Nikamwachia aendelee.

"Alikuwa dereva," akasema. "Akimenya chungwa hakati ganda. Linatoka zima, refu kama utepe. Akimaliza analitundika kwenye kioo cha gari. Nikiona ganda bichi nilikuwa najua leo kapita wapi."

Mkono wangu ulisimama kwenye kitambaa.

Sasa ngoja niwaambie kuhusu mume wangu. Nitamwita Athumani, au Baba Zaina kama nilivyokuwa nikimwita nyumbani. Alikuwa dereva wa lori la ushirika, akisomba mahindi kutoka Handeni, akishuka Tanga, akipanda mpaka Mkumbara na kuendelea. Na kila mtu wa barabara ile alilijua lori lake kwa kitu kimoja tu. Ganda la chungwa, refu, limetundikwa kwenye kioo! Watoto walikuwa wakilipigia kelele, "Lori la ganda! Lori la ganda!"

Mama Agnesi hakuuona uso wangu. Alikuwa mbali kwenye mawazo yake. Halafu akashtuka, akanishika mkono kwa nguvu.

"Hilo usiliweke, fundi. Nimekuambia tu kwa vile umenikumbusha. Wapo watu wakiliona watajua mambo. Niahidi."

"Nakuahidi, mama."

Niliahidi kwa mdomo huu huu ninaotumia kusali.

Wakati anaondoka, Athumani alikuwa anakuja dukani kwangu kuchukua funguo. Alipomwona alisimama ghafla kama aliyekanyaga mwiba. Akageuka, akarudi alikotoka, bila funguo.

Mama Agnesi akamtazama mgongo. "Yule ni nani?"

"Mume wangu."

"Ah. Nilidhani namfahamu." Akafunga kanga yake vizuri, akaenda zake.

Jioni wakati wa kula, Athumani akaniuliza kama mtu asiye na haja, "Yule mama wa mchana katokea wapi?"

"Mteja. Kwani unamjua?"

"Simjui." Tonge lilikuwa mkononi mwake na halikuwa linakwenda popote. "Amekusimulia nini?"

"Mambo ya wateja siku zote huwa huniulizi, Baba Zaina. Leo vipi?"

Akanawa mikono. Chakula kikabaki.

Ndugu zangu, kuna maumivu ambayo huwezi hata kuyalilia, kwa sababu huna hakika. Nikawa namtazama akilala. Nikawa nanusa mashati yake. Nikawa nahesabu safari zake za Mkumbara, nani kamwona, kapumzika wapi, kwa nini kachelewa. Kila jibu lake nililipokea nikaligeuza ndani nje kama mfuko wa suruali.

Siku chache baadaye akarudi safari ya Tanga na kitambaa cha satini, cheupe, safi. Kitambaa ambacho mwaka ule usingekipata hata ungelala kwenye mlango wa duka la ushirika! Akakiweka mezani pangu.

"Mpe yule mama. Kimtoshe binti yake. Usimwambie kimetoka kwangu."

"Kwa nini?"

"Nimeamua kusaidia tu."

Kusaidia tu! Mimi mkewe sijaona doti ya kanga mpya tangu Zaina wetu anaanza shule. Leo mume wangu anasaidia binti wa mtu asiyemjua, halafu kwa kificho!

Kwangu kesi ikawa imekwisha. Agnesi ni mtoto wa Athumani. Huyo "marehemu" ni mume wangu, anakula ugali kwenye nyumba yangu. Na wamekubaliana, au mmoja wao ameamua, kwamba mimi ndiye nimshonee gauni la harusi.

Mtaniuliza, kwa nini hukumuuliza? Ningemkalisha tu, nikamwambia, Baba Zaina, yule mama ni nani kwako? Sikumuuliza. Nikisema kweli mbele ya Mungu, nilikuwa nimeshaacha kutaka kujua. Nilichotaka ni kumkamata.

Basi nikaanza kumchimba Mama Agnesi. Kila akija nampikia chai ya maziwa, naweka sauti ya upole. "Eleza zaidi, mama, ili gauni litoke vizuri." Na yeye masikini ananieleza! Kwamba yule mwanamume akishuka kwenye gari alikuwa akilipiga boneti kwa kiganja, taratibu, kama anavyopigwa mnyama mpole, akilishukuru kumfikisha. Athumani hufanya hivyo hivyo! Kwamba alikuwa akipenda kuimba akiwa anafunga turubai. Athumani naye!

Agnesi alipoletwa kupimwa nikamtazama usoni wakati futi iko kifuani mwake. Binti mzuri, mpole. "Shikamoo, mama fundi." Nikakiona kidevu cha Zaina. Nawaambia nilikiona wazi! Leo hii nikimkumbuka hana hata alama moja ya Zaina. Lakini siku ile macho yangu yaliona yalichotumwa.

Nikafanya uovu wangu.

Gauni lenyewe nililishona kwa ile satini nyeupe ya Athumani. Kisha nikapata kipande kingine cha satini, rangi ya chungwa lililoiva. Nikakikata utepe mmoja, mrefu, bila kuunga, unaojizungusha kama ganda linapotoka kwenye kisu. Nikaushona kwenye sketi ya ndani, nyuma ya marinda, ukizunguka toka kiunoni mpaka kwenye pindo. Aliyevaa akisimama, marinda yanafunga, huoni kitu. Weupe mtupu. Akipiga hatua tu, marinda yanafunguka na ganda linatokea.

Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kushona. Hilo nalo ni sehemu ya dhambi yangu, kwamba niliifurahia.

Kipande cha shati nilikiweka kwenye bitana kama nilivyoagizwa. Na lile shati lililobaki? Nililiona ni shati la ujana wa mume wangu, limetunzwa na hawara. Nikalifanya tambara. Nikapangusia mafuta ya cherehani.

Mama Agnesi alipokuja kuliona gauni, nilimvika Agnesi nikamwambia asitembee kwa kuwa pindo lina pini. Akasimama kama mnara. Mama akalizunguka, akayagusa marinda, akatia kiganja upande wa moyo wa binti yake pale kwenye bitana. Machozi yakamtoka.

"Mungu akubariki mikono yako, fundi."

Nikasema, "Amina."

Siku ya harusi lori la Athumani ndilo lililokodiwa kubeba watu kutoka kambini mpaka Mkumbara. Alikataa mwanzo. Akasema anaumwa mgongo, apewe dereva mwingine. Nikamshikilia. "Mteja wangu mkubwa, Baba Zaina! Utaniaibisha." Akanitazama. Sikuwa nimewahi kumwona na macho yale. Halafu akasema, "Sawa, Mama Zaina. Tutakwenda."

Mkumbara pale kanisa lilikuwa hatua kidogo kutoka barabarani. Watu walikuwa wamejaa pande mbili, vigelegele, ngoma ya wanawake, watoto juu ya ua. Lori likasimama. Ganda la chungwa linaning'inia kwenye kioo, kama kawaida. Agnesi akashushwa taratibu, amesimama, mweupe, shela usoni.

Akaanza kutembea.

Hatua ya kwanza marinda yakafunguka. Rangi ikatoka. Watu wakashangilia wakidhani ni urembo! Akaendelea, na ganda likawa linajizungusha kwenye miguu yake, linatokea, linapotea, linatokea. Kisha shangazi wa bwana harusi, mwanamke wa sauti kubwa, akaacha kupiga kigelegele katikati.

"He! Hili si ganda la lori la Athumani?"

Watu wakatazama gauni. Wakatazama kioo cha lori. Wakarudi kwenye gauni. Mnajua kunong'ona kwa watu wengi kunavyosikika? Kama mvua inapokuja juu ya mahindi makavu.

Baba wa bwana harusi, aliyekuwa mjumbe wa nyumba kumi pale, akainua mkono ngoma ikanyamaza. Akamgeukia Mama Agnesi. "Mama, sisi tuliambiwa baba wa binti ni marehemu."

Mama Agnesi alikuwa hana damu usoni. Hakumtazama mzee yule. Alinitazama mimi.

"Fundi. Nilikuambia nini?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema ni pambo tu, nimekosea! Badala yake nikapaza sauti, nikaonyesha kwa kidole.

"Msimuulize huyo. Muulizeni mwenye lori!"

Athumani alikuwa bado kwenye usukani. Akafungua mlango, akashuka. Safari hii hakuligusa boneti. Akaja mpaka mbele ya watu, akavua kofia yake.

"Huyu si mwanangu," akasema.

Shangazi akaguna. Mimi nikacheka kwa dharau, mbele za watu.

"Baba yake ni Yakobo," Athumani akaendelea. "Yakobo dereva wa shamba. Aliyekufa kwenye mteremko wa barabara ya Handeni. Wazee wa hapa mnamkumbuka."

Mtu nyuma akajibu, "Yule mlevi?"

Mama Agnesi akafumba macho. Na hapo nikaelewa kwa nini alisema homa. Alikuwa akiwaficha wakwe jina la mumewe, kwa sababu mumewe alijulikana njia nzima kama mtu aliyelewa akaangusha gari.

"Hakuwa mlevi," Athumani akasema. "Mimi nilikuwa utingo wake. Kijana mdogo, kazi yangu kupanda nyuma na kuweka gogo kwenye gurudumu. Kila siku nilimsumbua, nipe usukani, nipe nijaribu. Siku ile akanipa. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Gari likabiringika, nikarushwa nje, nikaamka mzima. Yeye wakamkuta upande wa usukani, na tulikuwa tumebeba mapipa ya pombe ya kilabu, yamempasukia mwilini. Wakasema kalewa. Wakaniuliza nani alikuwa anaendesha. Nikaogopa kufungwa. Nikanyamaza."

Akaonyesha kioo cha lori lake.

"Ganda ni lake. Kupiga boneti ni kwake. Nimekuwa nikifanya hivyo miaka yote ili nisimsahau. Sikuwa na ujasiri wa kufanya jambo jingine."

Agnesi akainua shela. Alitembea mpaka karibu yake, na lile ganda langu la laana likimzunguka miguuni.

"Baba yangu alikuwa anafanya nini wakati ule?" akauliza. "Alikuwa amelala?"

"Hapana, mwanangu. Alikuwa anamenya chungwa. Nusu alikuwa ameshanipa."

Mama Agnesi akaketi chini kwenye vumbi. Na nguo zake za harusi, chini! Wanawake wakamkimbilia. Mimi nikapiga hatua kumwendea, na shangazi yule akanisukuma kifuani kwa mkono wake.

Ndoa haikufungwa siku hiyo. Baba wa bwana harusi alisema kwa upole kwamba hawawezi kwenda kanisani kutoka kwenye matanga. Kweli yalikuwa matanga. Ilikuwa kama Yakobo amekufa upya asubuhi ile.

Walikuja kufunga ndoa baadaye, watu wachache, bila ngoma. Nasikia Agnesi alivaa gauni la kuazima.

Athumani hakunigombeza. Ningeomba hata anipige, jamani! Tuliporudi Korogwe aliegesha lori, akalitoa ganda kwenye kioo, akaenda kituo cha polisi mwenyewe kwa miguu. Alikaa ndani kwa muda. Mwisho wakamwachia, kwa kuwa jambo lilikuwa la zamani na wa kutoa ushahidi walishatawanyika. Usukani hakushika tena. Akarudi Kang'ata kulima, maana naye kwao ni huko huko.

Siku aliyokuja kuchukua nguo zake nilimshika mkono mlangoni. Nikamwambia, "Baba Zaina, nisamehe. Nilidhani una mwanamke."

"Najua ulichodhani," akasema. "Nilikiona. Nikawa nasubiri uniulize. Siku ungeniuliza ningekwambia yote, maana lilikuwa limeshanishinda. Hukuniuliza, Mama Zaina."

Akabeba mzigo wake. Talaka hakunipa, lakini hakurudi.

Watu wengine huniambia, shoga, kumbe ulifanya jema, si jina la marehemu lilisafishwa? Nami kwa muda nilijifariji hivyo. Nilijifariji mpaka Mama Agnesi alipokuja dukani.

Alisimama. Nilimvutia kigoda, hakukaa.

"Watu wananiambia nikushukuru," akasema. "Kwamba bila wewe ningekufa naitwa mjane wa mlevi. Nimekuja kukwambia sikushukuru. Kweli yake mume wako angeniambia siku moja, mimi na yeye, kwangu, nikiwa nimekaa. Wewe ulichukua kitu nilichokuwa nacho peke yangu, ukakitandika barabarani."

Akanyoosha mkono.

"Nipe shati langu."

Wallahi nilikuwa nimelisahau! Macho yetu yaliliona kwa wakati mmoja. Lilikuwa limetundikwa kwenye mkono wa cherehani, jeusi kwa mafuta, limekauka, limejikunja kama kitu kilichochomwa.

Nikaanza kusema nitalifua. Akalichukua. Alilinyoosha juu ya meza yangu kwa viganja vyake, polepole, kola mahali pake, mfuko mahali pake. Akalikunja kama linavyokunjwa shati lililopigwa pasi. Akaliweka chini ya kanga, akatoka. Sikumwona tena.

Kazi yangu ikafa hapo hapo. Sio kwamba wateja waliisha. Walikuja, wengi tu, na vitambaa vyao vya sare za shule na suruali za mgambo. Lakini walisimama, wakanyoosha mikono. Nikiwauliza chochote, hata kama mvua imenyesha huko kwao, walitazama pembeni. "Pima tu, mama." Nami nikapima. Mpaka macho yaliponikataa, nilikuwa napima tu.

Zaina wangu naye alipoposwa nilimwomba nimshonee gauni. Nilimwomba kama mtu anayeomba maji. Akaniinamia, akanishika magoti, mtoto ana adabu yule.

"Mama," akasema, "nitanunua la dukani."

Ndiyo maana nimeandika. Nawaambia wake wenzangu, na waume pia: ukiingiwa na wasiwasi juu ya mwenzako, mfungie mlango umuulize, mkiwa wawili. Utasikia jambo baya labda, lakini utalisikia wewe. Na ninyi mafundi, wasusi, wakunga, nyote mnaokaa na watu wakawafungulia mioyo: mtu akikuambia hili liishie hapa, liishie hapo hapo. Usijidanganye kwamba utalitumia kwa haki. Mimi nilikuwa na hakika yangu yote, nilikuwa na ushahidi wangu wote, na sikuwa najua kitu!